Tupeane uzoefu: ulijifunza nini kipya ukiwa umeshaambiwa umri umepita?

Mkaa Baraza (mwanzilishi wa mada)

Assalamu aleikum wana Lamu, na majirani wa Malindi na Mpeketoni mliomo humu.

Juzi barazani kulizuka ubishi. Mzee mmoja alikataa katakata kufundishwa na mjukuu wake kutumia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, "mimi nimeshakauka." Watu wakacheka, mada ikafungwa. Mimi haikunitoka, kwa sababu mzee huyuhuyu, aliyekula chumvi akiendesha tanga, majuzi tu amejifunza kufungua mashine ya boti na kuirudisha ikawaka. Hakuna aliyemwambia amekauka siku hiyo.

Basi naomba visa. Kiwe chako au cha mtu unayemjua kwa karibu, na utaje umri. Tuambie kipi kilikuwa kigumu, kipi kilikuwa chepesi kuliko ulivyodhani, na kama kuna kilichokushinda, sema kimekushinda. Tafadhali msituletee "elimu haina mwisho" wala "umri ni namba tu". Hizo tunazo kwenye leso.

Naanza mimi, kwa ufupi. Nina miaka 54, nasoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu kwenye darsa ya baada ya Isha. Kanuni naielewa upesi kuliko vijana ninaokaa nao, maana nina mahali pa kuitundika. Lakini ukinipa orodha ya maneno leo, kesho nusu yake imeyeyuka, na wao wanayo.

Dada wa Mkomani

Nimezaliwa hatua chache kutoka baharini na mpaka nafika miaka 43 sikujua kuogelea. Msishangae, waulizeni mama zenu. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wakijirusha kutoka jeti tangu hawajaota meno ya utu uzima, sisi tunawatazama dirishani. Kila nikipanda boti ya Mokowe nakaa katikati nimeshika jaketi kwa mikono miwili.

Anayetufundisha ni msichana wa miaka ishirini na kitu. Anatupeleka upande wa Shela asubuhi sana, kabla ya wageni na wavulana. Nilimchukua mwanangu wa miaka sita. Yule hakuuliza kitu. Aliingia, akanywa maji, akakohoa, akarudi tena. Mimi nilikuwa na maswali: kwa nini mwili unaelea? Miguu ikizama nifanye nini? Mwalimu mwanzo alinuna, baadaye akaanza kunieleza, kwamba mapafu yakijaa hewa ndiyo yanayokubeba, na kwamba ukiinua kichwa miguu inashuka. Nilipolielewa hilo nililaza kichwa nyuma, nikaelea hapohapo. Mwanangu alikuwa bado anapigana na maji.

Baada ya hapo alinipita vibaya. Mikono, miguu, pumzi, vyote vilimjia pamoja bila kufikiri. Mimi nikikumbuka mkono nasahau mguu. Kugeuza uso pembeni kuvuta pumzi kumenishinda mpaka sasa. Naogelea chali, na boti ikipinduka nitafika ufukweni. Mengine watanifundisha nikipenda.

Na jambo ambalo hakuna anayelisema: kilichonichelewesha zaidi hakikuwa mwili. Ni kutaka watu wasinione nikikohoa.

Fundi Nakshi

Mimi nitasema habari za wanafunzi wangu. Nimewahi kuwa na wawili kwa wakati mmoja, mmoja mvulana wa miaka 13 anayekuja siku za kutokuwa na shule, mwingine mtu mzima wa 41 aliyeacha uvuvi.

Mvulana anaiga. Nikishika patasi hivi, naye hivi. Hajui kwa nini, lakini mkono wake unakwenda. Kwa muda mfupi alikuwa akichonga ua moja safi. Tatizo lake ni kwamba hakuwa akisoma mbao. Nyuzi za mbambakofi zikigeuka yeye anaendelea kupiga tu, kipande kinang'oka. Nilipoteza mbao nyingi kwa yule mtoto.

Yule mtu mzima hakuharibu mbao. Alipima fremu na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, mara ya kwanza na vikakaa. Aliuliza mbao inatoka wapi, imekauka kiasi gani, mteja analipa nini. Alielewa mpangilio wa mlango mzima wakati mtoto anaona ua tu. Ila mkono wake ulikuwa na woga. Mtu mzima haogopi kazi, anaogopa ubao kuharibika mbele za watu. Kwa hivyo anapiga kidogo kidogo, na nakshi ikipigwa kwa woga inaonekana.

Baadaye akaanza kupinda mistari. Nikadhani mkono umechoka, yeye mwenyewe akasema, "Fundi, kichwa hakishiki tena." Nikamtazama, kumbe anausogeza ubao mbali kila anapotaka kuona mstari. Nikamwambia nenda katafute miwani ya kusomea. Akanunua, mistari ikanyooka. Ukivuka miaka 40 lenzi ya jicho inakakamaa, vya karibu vinapotea, na hiyo inampata karibu kila mtu. Mangapi tunayaita kichwa kizito kumbe ni mato (macho)!

Mkiniuliza nani atakuwa fundi mkubwa, ni mtoto. Lakini si kwa sababu mnayodhani. Akiendelea, atakapofika 40 atakuwa na mkono wa miaka 27. Mwenzake hawezi kuupata huo hata akichonga usiku na mchana. Hiyo ni hesabu tu, akili yake haina kosa. Na yule mtu mzima leo anatengeneza fremu na masanduku yake mwenyewe, anauza, watoto wanakula.

Mkaa Baraza

Fundi, umenikumbusha utafiti mmoja wa Ujerumani uliotoka 2008. Waliwachukua watu wa umri wa karibu miaka 60, wakawafundisha kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu. Picha za ubongo zilionyesha sehemu fulani zimeongezeka, kama walivyoona kwa vijana miaka michache kabla. Walipoacha kufanya mazoezi zikarudi chini. Na ni wachache miongoni mwa wazee waliofikia kiwango cha vijana. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, ndiyo maana naipenda habari hii.

Kijana wa Boti

Mimi 38, nilijifunza pikipiki baada ya maisha yote ya punda. Punda anajua njia ya nyumbani, pikipiki haijui. Ndilo la kusema, nimeanguka vya kutosha.

Mjukuu wa Siyu (naandika kwa niaba ya bibi)

Bibi yuko hapa pembeni, ana miaka 71, ameniambia niandike kwanza hivi: "Mimi sikuwa mjinga, nalikuwa nasoma."

Na ni kweli. Bibi alikwenda chuoni, alikhitimu Qur'ani akiwa mtoto, na anasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Babu alipokuwa akifanya kazi Mombasa walikuwa wakiandikiana barua kwa herufi hizo. Tenzi anazo za mkono, kwenye daftari. Lakini kila akijaziwa fomu ya serikali anaandikwa hajui kusoma wala kuandika, kwa sababu herufi zao hizi za kizungu hazijui.

Akaja na simu. Ujumbe wa M-Pesa unaingia, yeye anampa simu yeyote aliye karibu amsomee. Siku moja msomaji akamtajia kiasi pungufu. Hakusema kitu, ila jioni akaniambia, "Ndoo (njoo) unifundishe." Alikuwa na 68.

Alikuwa ameshajaribu darasa la ngumbaru zamani, akaacha. Waliwaimbisha a e i o u kama watoto wa chekechea, akaona anadharauliwa. Mtu aliyehifadhi tenzi ndefu kwa moyo unamwambia aimbe a e i o u!

Sasa sikilizeni kilichokuwa kigumu. Upande. Jicho lake linaanza kulia, miaka sitini limeanza kulia. Akiona "mama" anatafuta mwanzo mwishoni. Tuliweka kidole kushoto mwa mstari kwa muda mrefu. La pili ni vokali. Kwake irabu ni alama zinazokaa juu na chini ya herufi, hapa zimekuwa herufi kamili zimejipanga foleni pamoja na wengine. La tatu b na d, hizo zinamchanganya hadi leo akiwa amechoka.

Kilichokuwa chepesi ndicho nilichokiogopa mimi. Nilidhani herufi kubwa na ndogo zitamsumbua, A na a. Akanicheka. Akasema kwenye Kiarabu herufi moja ina sura ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho na ya kukaa peke yake, sasa sura mbili zina nini? Na lile wazo lenyewe, kwamba alama ni sauti na sauti zikiungana ni neno, hilo alikuwa nalo tangu utotoni. Nadhani mtu wa umri wake ambaye hajawahi kusoma maandishi yoyote angekuwa na safari nyingine kabisa, tusimchanganye na bibi.

Leo anasoma ujumbe wake wote, PIN anabonyeza mwenyewe. Kuandika hataki. Anasema aliyetaka kumwandikia amwandikie, yeye atajibu kwa sauti.

Mama Shela

Mwambie bibi salamu nyingi. Na Mzee Maruge je, mmemsahau? Kimani Maruge alianza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya shule za msingi kufanywa bure. Akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Naye alikuwa na sababu zake: alitaka kusoma Biblia mwenyewe aone kama anachohubiriwa ndicho kilichoandikwa. Hawa wawili wanafanana, hakuna aliyekwenda kusoma ili apigwe picha.

Mwalimu wa Bara

Mimi si mtu wa hapa, nililetwa Lamu na ualimu nikiwa na miaka 45. Vichochoro vilinitesa. Kuta zote nyeupe, milango yote ya nakshi (samahani fundi), unageuka kushoto unajikuta kwenye ua wa mtu, mama anakutazama. Binti yangu wa miaka minane alikuwa anakwenda dukani na kurudi wakati mimi bado natembea na mwanafunzi wa kunionyesha njia.

Kilichoniokoa ni kuacha kukumbuka kona na kuanza kukumbuka misikiti. Nikajichorea ramani yenye misikiti tu, halafu nikajaza katikati. Sasa hata umeme ukikatika nafika. Binti yangu hakuhitaji ramani, na ukimuuliza anapitaje hawezi kukueleza.

Kiswahili changu nacho kimesahihishwa na watoto wa darasa la nne. Sarufi nimeipata. Lafudhi bado wananicheka, nami nimewaachia wacheke.

Mkaa Baraza

Mwalimu, una wenzako London. Madereva wa teksi za kule lazima wakariri mitaa kama 25,000 kabla ya kupewa leseni, kazi ya miaka mitatu minne, na wengi wanaianza wakiwa watu wazima. Watafiti waliwafuatilia wanagenzi 79, matokeo yakatoka 2011. Waliofaulu walikuwa 39. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu na njia, ilikuwa imekua kwa wale waliofaulu tu. Waliosoma wakashindwa haikuonekana kubadilika, na ambao hawakusoma kabisa vilevile.

Malindi Kwetu

Nawaletea ya Malindi. Huku Kitaliano ni lugha ya riziki. Mimi nilikianza ufukweni nikiwa na miaka tisa, sikumbuki kujifunza, nilikuwa nauza vikapu tu. Kaka yangu alikianza akiwa 36, alipopata kazi ya mapokezi hotelini. Alinunua kitabu, akawa ananiuliza kwa nini kitenzi hiki kinakwisha hivi. Nikimjibu "ndivyo kinavyosemwa" anakasirika.

Baada ya miaka kama miwili barua zake kwa wageni hazina kosa. Zangu mimi zinasomeka kama nimezipiga mayowe. Lakini kwenye simu, akisema sentensi moja tu wanajua anatoka nje. Mimi wananiuliza nimekulia mji gani wa Italia. Zile konsonanti zao za kukazwa mara mbili hazisikii kabisa, na asichokisikia hawezi kukitamka.

Nilisoma mahali kuhusu utafiti wa Marekani wa 2018, watu karibu 670,000 walijibu maswali ya sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti. Waliona uwezo wa kushika sarufi unabaki na nguvu mpaka kwenye miaka 17 hivi, halafu unashuka. Ila watafiti wenyewe wakasema huenda si ubongo peke yake. Kwenye umri huo ndipo watu wanapoacha shule, wanaingia kazini, wanaoa. Kaka yangu alisoma Kitaliano chake usiku baada ya zamu. Mimi nilikuwa nacho kuanzia asubuhi mpaka jua linatua, bila kulipa karo.

Baharia wa Matondoni

Huyo wa Malindi ndiye aliyegusa penyewe. Mnazungumza ubongo, ubongo. Mtoto kazi yake ni kujifunza, chakula analetewa, akikosea anaambiwa atajua tu. Mimi nikitoka baharini nimeshinda juani, nyavu zinataka kushonwa, mke ana habari zake, mtoto ana homa. Halafu mtu aniambie umri umenipunguzia akili. Nipeni miaka mitatu ya kutofanya kazi muone kama sitasoma.

Muuguzi wa Zamu

Naona mada inapendeza lakini tusidanganyane, umri unachukua kitu. Kasi ya kushika na kujibu mambo mapya huanza kushuka polepole kutoka miaka ya ishirini. Kwa upande wa pili msamiati na maarifa ya jumla huendelea kupanda, kwa wengi mpaka miaka ya sitini. Ndiyo maana Mkaa Baraza anaelewa kanuni na kupoteza orodha.

Ninachotaka kukisema ni kuhusu masikio. Wanaume waliokaa miaka mingi karibu na mashine za boti wanakuja hospitalini wakiambiwa na watoto wao kwamba wamekuwa wazito. Ukikaa mbele ya uso wao na kusema polepole, wanajibu sawasawa. Hawakusikia tu! Mtu anayetumia nguvu zake zote kusikia hana za kubakisha kukumbuka. Pimeni masikio, pimeni macho, pimeni presha na sukari. Ripoti ya wataalamu wa jarida la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa maishani, karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Masikio, presha, kisukari, sigara na kukaa peke yako bila watu vimo humo.

Na tofautisheni. Kusahau ulipoweka funguo ni jambo la kila mtu. Mzee akipotea kwenye kichochoro alichozaliwa, au akishika funguo asijue ni za nini, huo si uzee wa kawaida, mleteni apimwe. Wakati mwingine ni kitu kinachotibika, kama upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, au dawa anazokunywa.

Maalim wa Chuo

Nafundisha kuhifadhi, watoto asubuhi na watu wazima baada ya Maghrib. Mtoto wa miaka tisa anabeba ukurasa bila kujua maana, na usipomsikiliza mara kwa mara anauacha njiani vilevile bila kujua. Mtu mzima anaubeba kwa taabu, lakini akiujua anasema aya hii imekuja baada ya ile kwa sababu fulani, kisha haimtoki ovyo.

Wanaoshindwa kwangu watu wazima ni wale wanaosoma kwa macho, wanajiona wameshahifadhi. Nawaambia funga msahafu, simama mbele ya mwenzako, soma. Hapo ndipo unapojua. Wanaona haya mbele ya watoto, basi nimewapa saa yao. Herufi za kooni zinawasumbua sana walioanza wakubwa, huo ni ukweli, wengine nimekubali walichoweza kutoa. Na msisahau, Masahaba wengi wakubwa waliipokea Qur'ani wakiwa watu wazima. Sayyidna Abubakar alikuwa amekaribia miaka 40.

Mgeni Humu

Mimi nina 19, nataka kuanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, naambiwa wenzangu walianza na miaka 12. Nimechelewa?

Fundi Nakshi

Toka hapa.

Mkaa Baraza

Fundi! Mwanangu, anza leo hii, na ukishajua urudi utufundishe eCitizen hapa barazani. Utamkuta mzee mmoja mbishi. Usimwimbishe kitu. Muulize kwanza mashine ya boti inafunguliwaje, akimaliza kukueleza ndipo utoe simu.

Mama Shela

Dada wa Mkomani, hilo darasa la kuogelea linapokea wa miaka 57? Na mwenye magoti mabaya?

Dada wa Mkomani

Linapokea. Magoti kwenye maji hayabebi uzito, utashangaa. Njoo na nguo nyepesi isiyofyonza maji sana, usije umeshiba. Kesho hatuendi, maji yatakuwa yamejaa mno alfajiri. Nitakwambia siku ikipangwa, na kama unaona haya tutaingia wawili tu kwanza.